Huku mbalamwezi inakuja mara moja kwa mwaka

Jana usiku mke wangu kanikuta bafuni nimezima taa, nimekumbatia lile ovaroli la mpira la kuvulia samaki, lenye buti zake, linafika mpaka kifuani, na tochi nimeizamisha ndani. Akauliza we mwanaume umepatwa na nini. Nikamwambia natafuta tundu, panapopenya mwanga ndipo panapovuja, naweka alama na kalamu halafu napiga gundi. Kacheka mpaka kakaa chini, ati mtoto wa Kibirizi, kwa wavuvi wa Kigoma, leo anaogopa kulowa!

Ila jamani maji ya huku Lancaster, Pennsylvania, mwanzoni mwa Aprili sio ya kuingia na pensi. Mwaka wa kwanza niliingia kibishi, dakika kumi tu miguu siisikii, mzee mmoja jirani yangu ndo akanivuta pembeni akaniambia haya mavazi sio mapambo.

Samaki mwenyewe anaitwa trauti. Ndugu zetu wa Nyeri wanamjua, wakoloni walimpandikiza kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare, sisi wa Kigoma hatuna habari naye. Msimu wake unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Aprili saa mbili kamili asubuhi, na kamili ni kamili kweli, watu wamejipanga ukingoni fimbo za kuvulia mkononi wanaangalia saa kama wanasubiri kufuturu. Kabla ya hapo, tangu Februari, mito wanayopandikiza samaki inafungwa na serikali ya jimbo inakuja na malori yenye matangi inamwaga trauti wakubwa tayari kwa kuliwa. Leseni unalipia, halafu kibali cha trauti nacho unalipia juu yake. Siku ikifika mwisho wako samaki watano, na asiyefika inchi 7 unamrudisha majini.

Sasa hiyo miezi ya kufungiwa ndo ya kuandaa vyombo, na mi nimekuja kuipenda kuliko hata uvuvi wenyewe. Mshipi wa mwaka jana umekaa kwenye rili, kile kigurudumu cha kuukunjia, baridi nzima umejikunja kama springi, ukiurusha unaenda ukijiviringisha, huo unatoa wote unavalisha mpya, mi natumia mwembamba wa kubeba ratili nne tu maana trauti ana macho, mshipi mnene anauona. Rili unaifungua unafuta mchanga unatia tone la oili, tone moja, sio unamwaga kama unakaanga maandazi. Zile pete za kwenye fimbo unazipitisha pamba, pamba ikinasa ujue pete ina ufa na huo ufa utakata mshipi siku samaki mzuri amekubali. Ndoana zenye kutu tupa. Chambo unaenda kununua, na hapa ndo wa nyumbani hawaniamini, minyoo inauzwa kwenye friji ya kituo cha mafuta, imo kwenye kikopo chenye mfuniko, imekaa jirani na soda!

Nilipiga picha hiyo minyoo nikamtumia mdogo wangu wa kule Kigoma, akanirudishia voisi anacheka, "kaka huko mnafuga minyoo ya kula au?" Halafu nilipomweleza mito ya huku inavyofungwa akasema kitu nikakaa nacho wiki nzima, kwamba kumbe na nyie mna mbalamwezi.

Kweli. Ziwa Tanganyika dagaa na migebuka wanavuliwa usiku kwa taa, enzi za baba ilikuwa karabai, sa hivi ni za sola. Mwezi ukijaa taa haina maana tena, samaki hawakusanyiki, kwa hiyo mitumbwi inapumzika na hizo siku ndo za kushona nyavu, kuziba mtumbwi, kubadilisha kamba, kudaiana na kugombana. Kila mwezi. Hakuna askari anayekuja kukufungia, anga lenyewe limefunga. Hii ya huku ni mbalamwezi ya kuandikwa kwenye karatasi, inakuja mara moja kwa mwaka.

Na hapo ndo pananiuma nikisikia wenzetu tunaoishi huku wanavyoongea. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, basi kwenye kila grupu mtu anaandika "mnaona wazungu wana nidhamu, sisi mpaka tulazimishwe". Nidhamu gani bwana? Jirani yangu akifungiwa mto anakula kuku, ana pensheni yake, friji limejaa, trauti kwake ni hobi na hao samaki wenyewe kaletewa na lori. Mdogo wangu ziwa likifungwa ada ya mtoto imefungwa, unga umefungwa, ile miezi mitatu ilibidi mi nitume hela mara mbili ya kawaida na bado aliuza injini. Nani hapo ana nidhamu, anayesubiri ameshiba au anayesubiri na njaa?

Sisemi kufunga ni kubaya. Baba alikuwa anatuhadithia migebuka mpaka wanachosha kula, sa hivi mdogo wangu anakesha anarudi na ndoo mbili, ziwa linahitaji kupumua na nchi nne zinalivua. Ninachotamani cha huku ni kwamba hela ya leseni mtu anaiona inarudi mtoni kwa macho yake, iko kwenye lori inarukaruka. Na mapema mwaka mzima unajua tarehe, unajipanga. Kule kwetu mvuvi analipia leseni, analipia ushuru wa mwalo, halafu ziwa likifungwa anaambiwa avumilie.

Basi nimemnunulia bunda la mshipi na taa mbili za kuvaa kichwani, kuna mtu anaenda Dar mwezi wa tano atambebea. Mi Jumamosi ya kufungua msimu nitakuwa ukingoni saa kumi na mbili nawahi nafasi, kama gundi itashika, maana buti la kushoto nimelijaza maji leo asubuhi na bado linatoa jasho pale kisiginoni.