Tumeacha "nguvu za kiume" zimeze kila kitu

Kwa miaka kama mitatu nilikuwa namsikia mzee wangu usiku. Mlango wa choo unafunguka, kimya kirefu, matone matatu manne, kimya tena. Siku moja nikapita mlango uko wazi, nikamkuta kaegemeza mkono ukutani, paji la uso kalilaza juu ya mkono, anasubiri mkojo. Nikamuuliza baba vipi, akasema umri tu huu mwanangu, na mimi nikaenda zangu kulala. Hiyo ndo inaniuma mpaka leo.

Kilichomfikisha hospitali ni mafua. Alikunywa vidonge vya kuzibua pua, kufika jioni mkojo ukagoma kabisa, tumbo la chini likavimba likawa gumu na jasho linamtiririka. Kumbe zile dawa zinakaza misuli ya shingo ya kibofu, sasa kama tezi dume imeshakua na inabana, kile kinjia kidogo kilichobaki nacho kinafungwa. Akawekewa mpira, ikatoka lita moja na zaidi, wakati kibofu cha mtu mzima kwa kawaida kinashika kama nusu lita tu. Vipimo vikaonyesha na figo zimeanza kulemewa. Na haikuwa kansa jamani! Ilikuwa tezi iliyokua, kitu ambacho kama nusu ya wanaume wanaofika miaka 60 wanacho, na kina dawa, kuna vidonge vinalegeza misuli ndani ya siku chache tu na vingine vinasinyaza tezi taratibu kwa miezi. Angeweza kuanza kuvimeza miaka mitatu nyuma.

Baadae nikamuuliza kwanini ulinyamaza, akasema aliogopa watu watasema kaisha. Yaani kwake shida ya mkojo ilikuwa ni shida ya uanaume, na kwa kuwa vyote vinapita njia moja akaona bora afe nayo.

Ndo maana nasema hili neno "nguvu za kiume" limetuharibia sana. Afya yote ya mwanaume kuanzia figo mpaka korodani tumeifunga kwenye neno moja, na neno lenyewe linapima heshima, kwahiyo zikipungua hatusemi anaumwa, tunasema kashindwa. Anayeumwa anaenda kwa daktari. Aliyeshindwa anajificha, anaagiza kichupa kwa mtu asiyemjua aliyemfuata inboksi, anakunywa gizani.

Na hivyo vichupa vinanitisha kweli, maana vingi vinaandikwa mitishamba tupu halafu maabara wakipima wanakuta ndani kuna sildenafil, ile dawa iliyomo kwenye Viagra, dawa ya kizungu kabisa, na hakuna anayejua kipimo ni kiasi gani. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, zile za kutanua mishipa kifua kikibana, akichanganya na hiyo presha inaporomoka ghafla, anaweza kufa pale pale. Halafu cha kusikitisha, huyo huyo mwenye moyo mbovu ndo ana uwezekano mkubwa wa kutafuta kichupa, kwasababu mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwahiyo mafuta yakianza kuiziba na sukari kuiharibu, uume unalegea kwanza, pengine miaka kadhaa kabla kifua hakijauma. Mwili unakupa taarifa mapema. Mwanaume akiona kulegea kumekuwa mazoea, kabla ya kitu chochote apime presha, sukari na mafuta kwenye damu.

Kwenye uzazi ndo tunawaumiza na wenzetu. Mwanamke anapimwa homoni, anapigwa picha ya mirija, anameza vidonge mwaka mzima, mume hajatoa hata sampuli moja ya mbegu, na anaamini yuko sawa kwakuwa tendo linafanyika vizuri. Jamani kusimamisha na kuwa na mbegu ni vitu viwili tofauti. Karibu nusu ya ndoa zinazotafuta mtoto kwa shida, upande wa mwanaume unachangia, na kipimo chake ni kikombe tu. Pengine ni mishipa iliyovimba juu ya korodani, inarekebishika. Na vijana wa jimu nawaomba sana, sindano za testosteroni zinazotanua kifua zinaiambia korodani ipumzike, mbegu zinaweza kwisha kabisa. Ukiacha sindano au sigara leo usitegemee majibu wiki ijayo, mbegu inachukua kama miezi mitatu kutengenezwa mpaka kutoka.

Damu kwenye mkojo hata mara moja, hata bila maumivu, nenda. Usaha ukitoka kwenye uume, nenda na mwenzi wako, mtibiwe wote. Kipimo cha PSA, kile cha damu cha kuangalia tezi dume, ongea na daktari ukifika miaka 50, na kama baba au kaka alipata kansa ya tezi, au wewe ni mweusi, anza hiyo stori mapema zaidi, 45 au hata 40. PSA ikiwa juu usizimie, hata maambukizi yanaipandisha.

Mimi nimeamua kuanzia kwa mwanangu, ana miaka 12. Nilisoma kwamba korodani inaweza kujinyonga, inajizungusha kwenye kamba yake damu ikakatika, na wakichelewa zaidi ya masaa kama 6 uwezekano wa kuiokoa unapungua sana, na inawakuta sana wa umri wake, wengine wakiwa usingizini, halafu kwa aibu wanasema tumbo linauma. Nikakaa nae nikaitaja kwa jina lake, korodani, nikamwambia ikianza kuuma ghafla usisubiri, niamshe.

Akaangalia chini kidogo. "Hata saa nane usiku baba?"

Nikamwambia hata saa nane.