Mama alitaka kukuna nazi

Ahsante mwandishi kwa habari ya watafiti wanaochunguza namna mgonjwa wa kiharusi anavyowekewa malengo ya mazoezi. Mimi ni wa Lamu, Langoni. Mama alipopooza upande wa kulia, karatasini aliandikiwa "kuimarisha mkono", akapewa mpira aubonyeze. Kila siku akiutupa. Dada yangu ndiye aliyekuja kumuuliza anataka nini hasa. Akajibu, ulimi mzito, kwamba anataka kukaa kwenye mbuzi akune nazi mwenyewe. Tukaanza na kizio kimoja, mkono wangu juu ya wake, nazi ikidondoka kidogo kidogo kwenye sinia. Akavumilia dakika 5, baadaye 20. Mpira hakuugusa tena.

Kipimo cha malengo ya mgonjwa mwenyewe kipo tangu 1968, alama -2 hadi +2, sifuri ikiwa amefikia kiwango kilichotarajiwa. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona ushahidi wa faida ya kuweka malengo bado hafifu, kwa hiyo utafiti uendelee. Lakini nawaomba sana waje na huku kwetu, kwenye ngazi za mawe. Kumshusha mgonjwa gatini kupanda boti ya Mokowe, ng'ambo ya bara, maji yamekupwa, si sawa na kutembea mita 10 chumbani.