Kafunga Mtu Chini ya Karakana, Lakini Mwenye Kasoro Ni Mimi

Mke wangu aliponishawishi tuitazame tamthilia ya Kikorea iitwayo Flower of Evil, ya mwaka 2020, aliniambia kwamba ni hadithi ya mapenzi, nami kwa kuwa ni mtu wa amani nikakubali, bila kujua kwamba ina vipindi 16, kila kimoja zaidi ya saa nzima, na kwamba ndani ya mapenzi hayo mna maiti.

Lee Joon-gi anaigiza fundi wa sanaa za chuma anayeishi kwa jina la mtu mwingine, mtoto wa muuaji wa watu wengi, aliyemwoa askari mpelelezi anayeigizwa na Moon Chae-won. Hapo watunzi nawavulia kofia, maana mwanamke anayempenda mumewe kwa dhati huku kazi yake ikimlazimu kumchunguza ni jambo lililonikosesha usingizi, na bando la mwezi likakatika tukiwa kipindi cha tisa.

Shida ni kwamba mume huyo anapika na kumlea binti yao wakati mkewe yuko kazini. Mapema kabisa tunaonyeshwa kwamba amemfunga mwandishi wa habari katika chumba kilicho chini ya karakana yake. Nilimgeukia mke wangu nikidhani kwamba sasa ataniona mimi ni neema, akanijibu, "Angalau anapika." Tulipofahamishwa kwamba jamaa hajui hisia, hata tabasamu amelifanyia mazoezi, nikaulizwa kwa nini mimi niliyezaliwa na hisia zangu zote sizitumii.

Halafu kuna yule mwenye jina ambalo fundi wetu analitumia, ambaye amelala bila fahamu miaka 15, akazinduka, na baada ya muda mfupi tu yuko imara, nywele zinang'aa, anaua watu. Mimi nikijilaza mchana saa mbili tu naamka na ganzi mguuni, na inanibidi nishike ukuta hadi sebuleni. Sikatai kwamba muigizaji wake anatisha. Ninachodai ni walau wiki mbili za mkongojo.

Kilichoniudhi zaidi ni mwisho, pale mume anapojeruhiwa kwa risasi na kusahau miaka 14 yote aliyokuwa na mkewe. Mke wangu alilia kwa huruma hadi kanga ikalowa, akasema kwamba mtu akisahau si kosa lake, hupendwa upya taratibu. Nikaona huo ndio wakati mwafaka wa kumkumbusha kwamba na mimi Jumamosi nilisahau tu kwenda kubadilisha mtungi wa gesi, na hadi leo kesi haijafungwa. Alifuta machozi, akakikagua kichwa changu pande zote, hakuona jeraha, akaenda kuwasha mkaa.