Kilabu cha pombe kikibomolewa, kipi kiokolewe?

Katika miji ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kilabu cha pombe za kienyeji kilikuwa kiwanda na baa kwa pamoja: nyuma moto na mapipa, mbele mabenchi. Maeneo hayo yanapogeuzwa kuwa vibanda vya maduka, mabishano huwa yaleyale. Kuna wanaotaka kumbukumbu zake zitunzwe, na kuna wanaoona kwamba ulevi haustahili kuenziwa.

Hawa wa pili wasikilizwe kwa dhati. Kilabu kilimeza mishahara, na waliolala njaa ni watoto. Maonyesho yanayosifia vituko vya walevi yatawatonesha vidonda. Hata wapishi wa pombe, wengi wao kina mama waliosomesha watoto kwa komoni, pombe ya mahindi na ulezi, si wote wanaotaka wajukuu wajue.

Lakini kufuta kilabu ni kufuta pia kazi ya kina mama hao, na kazi yenyewe ilikuwa ya ujuzi mkubwa. Chukua komoni ya Mbeya. Ulezi hulowekwa kama siku moja, huachwa uote siku mbili tatu, kisha huanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi nao huchanganywa na maji, huachwa uchachuke, halafu hukaangwa juu ya bati huku ukigeuzwa mpaka uwe wa kahawia. Hufuata maji, na mwisho kimea. Hapa ndipo asiyejua huharibu. Akitia kimea wakati mchanganyiko ungali wa moto sana, joto huua vimeng'enya vyake, wanga haugeuki sukari na pombe haiumuki. Kimea kisipokauka vizuri huota ukungu, na sumu ya ukungu huo, sumukuvu, haiondoki kwa kuchemsha.

Kwa hiyo kumrekodi mpishi akisimulia tu hakutoshi. Apike, nanyi mrekodi. Akisema "debe", pimeni papo hapo kwa mizani, maana debe la ulezi na debe la unga hayana uzito mmoja. Akichovya kidole kuonja joto, tumbukizeni kipimajoto muda huohuo na muandike nyuzi.

Rekodi sauti kwa WAV, yaani faili lisilobanwa, kHz 48, biti 24, chaneli moja. Saa moja huchukua takriban MB 520. Wengi hukosea kwa kuituma WhatsApp kama ujumbe wa sauti na kufuta faili la awali. Kinachobaki ni sauti iliyobanwa. Nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya nyumba hiyo. Ridhaa iombwe kabla ya kuwasha kinasa, kwa kuwa tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mama anayetaka jina lake lifichwe afichiwe. Tunaona pia ni lazima mkusanyiko huohuo uwe na sauti za walioumizwa na kilabu. Bila wao ni sifa tupu.

Vyombo vina adui zake. Mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, huko Iringa, huliwa na bungua, wadudu watoboao mwanzi. Ili kuwaua, ifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ikae kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na mfuko usifunguliwe mpaka baridi yote iishe, la sivyo itatota kwa umande. Chungu kisisuguliwe: utando wa ndani ndio ushahidi wa kilichopikwa.

Kuhusu jengo, hatushauri nguvu nyingi ziishie hapo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kale sana, na kilabu cha matofali na bati hakimo humo mpaka waziri akitangaze. Lipigwe picha pande zote na lipimwe kwa utepe, ramani ionyeshe jiko lilipokuwa, moshi ulipotokea, na mlango wa wapishi ulipotengana na wa wanywaji. Watu wawili huimaliza kazi hiyo kwa siku moja, kabla tingatinga halijafika.