Mlango unalindwa, daraja la reli je?

Rafiki yangu wa Kirumba alinicheka juzi niliposema madaraja ya reli ya zamani yalindwe kama mambo ya kale. "Reli nayo ni magofu ya Kilwa?"

Kisheria, ana pa kusimamia. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kuwa kumbukumbu ya kulindwa jengo lililojengwa kabla ya 1863. Mlango wa mbao wa nakshi umewekewa mwaka wake: uwe umechongwa kabla ya 1940. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Kwa hiyo mlango uliochongwa mwaka huohuo unalindwa, lakini daraja lililojengwa pamoja na reli halilindwi mpaka waziri alitangaze. Mimi naona ni kichekesho.

Huko Yorkshire, Uingereza, kuna daraja la mawe la Ribblehead lenye matao 24. Lilijengwa miaka ya 1870, na zaidi ya wafanyakazi 100 walipoteza maisha. Miaka ya 1980 shirika la reli lilitaka kuifunga njia ile, likidai ukarabati wa daraja ni ghali mno. Watu wakabisha kwa miaka, hesabu zikarudiwa, na 1989 serikali ikakataa kuifunga. Leo daraja linalindwa kisheria, na treni bado inapita juu yake. Hilo la mwisho ndilo linalonivutia. Daraja lisilopitiwa na treni huota miti kwenye nyufa, kibao cha urithi kikining'inia pembeni.

Huku kwetu SGR, reli mpya ya kisasa, ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, inajengwa, na mimi naisubiri kwa hamu kama wengine. Ila reli ya zamani ikishakosa treni, vyuma vitakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mawe je? Hili ni Jiji la Miamba, na sisi wenyewe ndio tunaopasua miamba kupata kokoto. Jiwe lililochongwa tayari halitadumu wiki.

Sidai kila karavati liwe makumbusho. Nataka orodha tu: mtu aifuate njia kutoka Mwanza hadi Isaka, apige picha, aandike lipi ni la mawe, lipi la zege, lipi limekwisha kubomoka. Kisha waziri apelekewe mawili matatu ya kutangaza.

Rafiki yangu amekubali tuanze Jumamosi, mpaka Fela. Nauli ya daladala nalipa mimi.