Maji ya Kidonda Khayega

Haya, mnaonitumia emoji za ng'ombe tangu jana jioni, nimewaona. Msemaji wangu, mtu niliyemlipia nauli kutoka Kisumu, akala ndizi Chavakali kwa pesa yangu, amewahi kuwapa hadithi kwenye grupu. Amewaambia nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Afadhali ningefukuzwa.

Tulikuwa tumeenda Khayega, kwa kina mchumba wangu, kujitambulisha tu. Mchumba alisema babake ni mwalimu mstaafu, basi, hakusema wa somo gani. Mzee anaongea kwa methali na anaongoza nyimbo kanisani, mimi nikajua huyu ni wa Kiswahili na dini. Kwa hiyo chai ilipochelewa na shemeji mdogo akatokea na daftari la kemia, analalamika kwamba kusawazisha milinganyo (atomi za kila elementi zitoshane kushoto na kulia) kumemshinda, nikaona bahati imenijia na miguu yake.

"Lete hapa, bwana mdogo. Hii ni kazi ya dakika mbili." Nilisema kwa sauti, mama mkwe asikie hadi jikoni.

Swali la kwanza, magnesiamu inaungua ndani ya oksijeni: Mg + O₂ → MgO. Nikaweka 2 mbele ya Mg na 2 mbele ya MgO, pande zikatoshana. Shemeji akasema "eeh!" Msemaji akakohoa kwa fahari. Hapo ndipo ningeaga.

Swali la pili: H₂ + O₂ → H₂O. Kushoto oksijeni mbili, kulia moja. Si rahisi jamani? Nikachukua kalamu nyekundu (nyekundu, wadau, ile ya kusahihishia!) nikachora ka-2 kadogo chini ya O ya upande wa kulia. H₂O₂. Nikahesabu kwa kidole: haidrojeni mbili, mbili, oksijeni mbili, mbili. Nikapiga mstari chini yake, kisha nikaongeza wa pili.

"Umeona? Imelala sawa."

Kimya. Kisha nikasikia mtu anapumua kwa pua nyuma ya shingo yangu. Harufu ya sabuni ya kipande. Mkono wenye mishipa ukapita juu ya bega langu, ukalivuta lile daftari polepole, nami nikasikia jalada linakwaruza kitambaa cha meza. Mzee akavua miwani. Akaipangusa kwa shati. Akaivaa. Akasoma. Akaivua tena.

"Kijana. Haya ni maji?"

"Ndiyo, Baba."

Akageukia jikoni. "Mama! Ile chupa ya dawa uliyonimwagia mguuni nilipojikata na panga, ikatoka povu, iko wapi? Mgeni anasema ni maji ya kunywa."

Haidrojeni peroksaidi. Ile ya kusafishia vidonda. Ile ya saluni, ya kutoa weusi kwenye nywele. Msemaji wangu, ambaye kazi yake ni kusema, alikuwa anasoma kalenda ukutani.

Mzee akaketi mbele yangu. "Tukikuambia ulete ng'ombe wawili, utaleta mmoja uliyemshonea kichwa cha pili?"

"Hapana, Baba."

"Utafanyaje?"

"Nitaleta wawili, Baba."

"Basi namba inakaa mbele. Huku chini usiguse. Ukigusa, umeumba kitu kingine."

Akaandika mwenyewe: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Haidrojeni nne huku, nne kule. Oksijeni mbili, mbili. Mwandiko wa ubaoni kabisa. Ndipo mchumba akakumbuka kuniambia kwamba babake alifundisha kemia hadi siku ya kustaafu. Asante, mpenzi.

Na hayakuishia hapo, ila msemaji hili amewaficha. Nilipewa mtihani. Gesi ya jikoni, propani: C₃H₈ na oksijeni, itoe kaboni dayoksaidi na maji. Nimevaa suti, jasho linafika kwenye soksi. Shemeji mdogo, Mungu ambariki, akainama kujifanya anafunga kamba za viatu. "Anza na kaboni, oksijeni iwe ya mwisho." Nikaweka 3 mbele ya CO₂, 4 mbele ya H₂O, nikahesabu oksijeni za kulia: sita na nne, kumi. Basi 5 mbele ya O₂. Mzee akatia tiki ndogo, ya kuhurumia. Lavoisier, yule Mfaransa aliyeonyesha kwamba mata haipotei, alikatwa kichwa mwaka 1794, na pale mezani nilikuwa radhi tubadilishane nafasi.

Mengine ni ya kawaida. Kuku akaja, firigisi Mzee akampa shemeji mdogo kwa mkono wake mwenyewe, tukazungumza, tukapewa tarehe ya kurudi.

Shida ni kwamba Mzee alichukua namba yangu ya simu. Leo asubuhi ametuma picha ya karatasi: chuma cha moto na mvuke, Fe + H₂O → Fe₃O₄ + H₂. Anataka jibu kabla ya taarifa ya habari ya saa moja. Nimepata 3, 4, 1, 4. Mliosoma kemia niangalizieni kabla sijatuma. Msemaji, wewe nyamaza.