Uliyepasuliwa uzazi wa kwanza: wa pili uzae kawaida?

Aliyepasuliwa mara moja hupata ushauri wa aina mbili. Kuna wahudumu wanaomwambia ukishaingia kisu basi ni kisu kila mimba. Nyumbani mawifi wanamtaka safari hii azae "mwenyewe". Wote wanaruka swali la kwanza: mji wa mimba ulikatwaje?

Kovu la nje halijibu. Ngozi inaweza kuwa na mstari wa mlalo karibu na kinena, kumbe ndani mji wa mimba umekatwa wima kwenda juu, na mwenye kovu hilo hashauriwi kusubiri uchungu. Jibu liko kwenye karatasi ya ruhusa, ambayo mara nyingi huandikwa "upasuaji" na basi. Daktari aandike na aina ya mkato kabla hujatoka wodini.

Kwa kovu moja la mlalo sehemu ya chini ya mji wa mimba, kati ya wanawake 100 wanaojaribu, 60 hadi 80 hujifungua kawaida. Wanapona haraka, lakini faida kubwa iko kwenye mimba zijazo: kila upasuaji huongeza uwezekano wa kondo kujishikiza kwenye kovu na kuzama ndani yake, damu ikamwagika hadi mji wa mimba ukalazimika kutolewa. Anayetaka watoto wanne aipime sana hoja hii.

Hatari yenyewe ni kovu kuachia, takriban mwanamke 1 kati ya 200 wanaojaribu. Hupanda kama haijapita miezi 18 tangu uzazi uliopita. Dalili zake ni maumivu yasiyotulia hata uchungu ukipoa, damu ukeni, uchungu mkali kukatika ghafla, mapigo ya mtoto kushuka. Hapo zinahesabiwa dakika hadi upasuaji, kwa hiyo zahanati, hata yenye mkunga hodari, haifai. Bango la "saa 24" lisikutoshe: uliza kama usiku mtaalamu wa usingizi yupo kituoni, na kama benki ina damu ya kundi lako. Misoprostoli ya kuanzishia uchungu haifai kwa mwenye kovu. Mitishamba ya kuharakisha uchungu ndiyo kabisa, maana hakuna anayejua kipimo chake.

Anayeishi mbali na huduma hizo, kwangu afadhali upasuaji wa kupangwa, kwa kawaida wiki ya 39. Ila uchungu unaweza kuwahi, hivyo wiki ya 38 imkute tayari kwa ndugu karibu na hospitali, au kwenye wodi ya wazazi ngojea, kadi ya kliniki mkononi.